Punje Kwenye Kiti cha Gozbert

"Umemuua mara ya pili, Vestina. Mara ya kwanza ilikuwa presha, nikasema haya, Mungu ametaka, nani atabishana naye. Mara hii ni wewe. Umemuua mume wangu kwa kidonge cha paka."

Ma Kokuberwa alisema hayo akiwa amesimama mlangoni kwake, Izimbya, kanga ameikaza kiunoni, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango kama anamzuia mtu kuingia, au kutoka. Mvua ya Desemba ilikuwa inanyunya. Vestina yuko uani na kikapu chake chenye mfuniko, maji yanamchuruzika kisogoni, na mpaka hapo hakuna aliyemwambia karibu ndani.

"Ma Kokuberwa, waitu, mama yangu, mimi nimeua minyoo."

"Minyoo ina jina? Wangu alikuwa anaitwa Gozbert."

"Basi labda nilimkuta tumboni mwa paka, hakunisalimia."

Hapo alikosea. Vestina ana ulimi ambao umemsaidia mara nyingi mjini, lakini mbele ya mjane wa miezi minane ulimi wa namna hiyo ni kama kuvaa viatu vya harusi shambani. Nyuma ya Ma Kokuberwa, ndani ya nyumba, kilionekana kile kiti cha marehemu.

Vestina si mtu wa Izimbya. Ni wa Ngenge, kule Muleba, mtoto wa watu wa migomba na mahindi, darasa la saba na basi. Mume wake, Protase, alikwenda visiwani kutafuta samaki, akapata mke. Vestina hakulia sana. Alisema samaki angeoza njiani, mke labda atadumu. Akafunga nguo zake, akaja Bukoba mjini, akapata kazi ya kufagia kwenye duka la dawa za mifugo pale Miembeni, duka la mzee mmoja anaitwa Jamali.

Alifagia miaka mingi. Akifagia, anasikiliza. Mzee Jamali akimweleza mteja habari za kupe, ufagio unapunguza mwendo. Mpaka siku moja mzee akaletewa paka mgonjwa, mwenye hasira kama kesi ya shamba, akamchana mkono kuanzia kiwiko mpaka kidoleni. Vestina akaweka ufagio chini, akamshika yule paka ngozi ya shingoni, akamviringisha kwenye kanga kama mtoto mchanga. Paka akanyamaza. Macho wazi, masikio yamelala, kama mtu anayesikiliza habari ambazo hazipendi.

Tangu siku hiyo ikawa hivyo kwa kila paka. Mzee Jamali alifurahi, akamfundisha kazi: namna ya kumpima paka akiwa ndani ya kikapu kwa mizani ya kuning'iniza, kidonge kipi cha minyoo ya mviringo na kipi cha tegu, namna ya kukiweka nyuma kabisa ya ulimi, kufumba mdomo, kupapasa koo mpaka kishuke. Vitoto kila baada ya wiki mbili mpaka wakue kidogo, wakubwa kila baada ya miezi mitatu. Vestina akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba, mjini kwanza, halafu vijijini.

Vijijini ndiko maneno yalikoanzia. Hebu fikiria mwenyewe. Mwanamke wa makamo anaingia uani na kikapu kilichofunikwa, anauliza mavi ya paka yakoje, anamshika paka wako mkali asiyeshikika, paka hatoi sauti, kisha mwanamke anaondoka anakwambia nitarudi baada ya miezi mitatu. We ungesema nini? Wengine walikuwa wanaanua nguo kwenye kamba wakimwona. Yeye anacheka.

"Mchawi gani," anawaambia, "anawakumbusha watu kunawa mikono?"

Halafu anawaeleza, na akieleza kazi yake utani unapungua. Paka akila panya, anakula na minyoo ya panya. Akijilamba, anameza kiroboto, na kiroboto naye amebeba tegu. Mayai ya minyoo mingine yanabaki kwenye udongo pale anapojisaidia, na watoto wanachezea udongo huo huo. Na paka haonyeshi. Ng'ombe mwenye minyoo utamwona mbavu. Paka anakonda ndani ya manyoya yake, wewe unaona manyoya.

Kwa Ma Kokuberwa alifika mara ya kwanza mwezi wa nane. Clotilda, jirani ambaye paka wake alishatibiwa, ndiye alimwelekeza. Ilikuwa saa saba mchana, jua linawaka barabarani, lakini anayejua kibanja cha kizamani anajua kwamba ukiingia chini ya migomba jua linabaki nje. Mle ndani ni unyevu na giza la kijani, majani makavu yananing'inia kama nguo za watu walioondoka bila kuaga, na hatua zako mwenyewe huzisikii. Kaburi la Mzee Gozbert liko hatua ishirini kutoka mlangoni, katikati ya migomba, kama makaburi ya huku yalivyo. Saruji yake ilikuwa bado mpya. Njia ya kwenda nyumbani inapita pembeni yake kabisa, kwa hiyo hata ukija kwa mke unaanza kwa mume.

Walisalimiana uani, na salamu za mama wa Kihaya si za kukimbia. Habari za mjini, za Ngenge, za kahawa, za magoti. Nusu saa nzima. Muda wote huo paka wa nyumba, dume jeusi lenye kidevu cheupe, alikuwa amekaa juu ya ukuta wa jikoni anawatazama. Jina lake Kajangu, yaani kapaka tu. Mzee Gozbert hakuwa mtu wa kupoteza akili kwenye majina.

Wakaingia sebuleni. Vestina, miguu imechoka, akaelekea kwenye kiti cha mikono kilichokuwa karibu na dirisha.

"Usikae hapo," Ma Kokuberwa alisema polepole. "Kuna mtu."

Kiti kilikuwa kitupu. Kiti cha mninga, mto wa kitambaa cha maua umebonyea katikati, na kwenye mkono wa kiti kuna kikapu kidogo cha kusuka chenye akamwani, kahawa yetu ile ya kutafuna. Vestina akainama. Juu ya mto, pale palipobonyea, kulikuwa na punje nyeupe, tano au sita, kama wali uliopoa. Mbili zilikuwa zimeangukia kwenye kikapu cha kahawa.

Punje moja ikajinyoosha. Ikarefuka taratibu, ikajikunja, ikapumzika.

"Zilianza mwezi wa tano," Ma Kokuberwa alisema, kwa sauti ya mtu anayeongelea mgeni aliyelala chumba cha pili. "Jioni namwekea akamwani kake, kama zamani. Asubuhi nakuta hizi. Nikizikuta, najua alikuwepo."

Vestina alijua anachokiona. Vipande vya tegu, vinatoka kwa paka akilala. Ameviona mara nyingi mpaka havimsisimui tena. Kilichomsisimua ni kingine. Alipeleka mkono aguse mto, apime kama paka ametoka hapo karibuni, na mto ulikuwa na joto. Si joto la chumba. Joto la mtu aliyeinuka sasa hivi kufungua mlango. Akageuka kutazama mlangoni. Kajangu bado alikuwa juu ya ukuta wa jikoni, pale pale alipokuwa nusu saa nzima.

Jua la dirishani, Vestina alijiambia. Lakini dirisha lile linatazama migomba, na jua nimeshakwambia linapobaki.

Halafu likaja la kahawa. Ma Kokuberwa alichukua kile kikapu kutoka mkono wa kiti, akapangusa juu kwa kidole, akatia kahawa mbili mdomoni, akamnyooshea mgeni. Hapa kwetu ukikataa akamwani umesema kitu, na kitu hicho hakifutiki kwa kuomba radhi. Vestina alichukua mbili, akapeleka mkono mdomoni, akatafuna mate yake mwenyewe kwa bidii, kahawa imebaki ndani ya ngumi.

"Tamu?"

"Tamu sana, waitu."

"Ni yake. Aliivuna mwenyewe."

Alipoomba kumpa paka dawa akakataliwa. "Paka wangu usimguse. Wote wamekwenda, saba niliozaa wako Mwanza, wako Dar, mmoja sijui yuko wapi. Hizi za asubuhi ndizo zinanifanya nitoke kitandani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Alipopita kaburini kurudi barabarani ngumi ilikuwa bado imefumbwa. Zile kahawa alizitupa alipofika kwenye lami, na akanawa mikono dukani mara tatu.

"Mwambie ukweli," mzee Jamali alimwambia.

"Ukweli atautafuna na kahawa."

"Basi mwache. Paka wake, nyumba yake."

"Anakula kutoka kwenye kikapu hicho, mzee. Kiti kimejaa viroboto. Nimuache?"

Mzee Jamali alijikuna lile kovu la mkononi. "Kwa zile punje hawezi kupata tegu, kiroboto ndiyo njia. Lakini hiyo nyingine ya mviringo, mayai yake hayana adabu. Na yule paka atakwisha. Ukiamua, ua na viroboto, vinginevyo tegu atarudi mwezi ujao umefanya kazi bure." Akampa vidonge, dawa ya kudondoshea shingoni, na unga wa kunyunyiza kwenye kiti.

Vestina alisubiri mwezi wa kumi na moja, senene, wale panzi wetu wa kuliwa, walipoanguka. Hakuna paka Bukoba anayekataa senene, na hakuna mwenyeji anayemshangaa mgeni aliyekuja nao. Alichagua mmoja mnene, akamtoa kichwa na utumbo, akaficha kidonge ndani yake. Ma Kokuberwa alipokwenda jikoni kuweka chungu, Kajangu akaja mwenyewe, akanusa, akameza, akatazama kama kuna wa pili. Vestina akamdondoshea na ya shingoni. Paka akanyamaza kama wanavyonyamaza wote. Muda wote huo alikuwa hamtazami Vestina. Alikuwa anatazama kiti, nyuma ya bega lake.

Kumpa paka dawa kwa siri kulikuwa jambo moja. Lililofuata lilikuwa jingine, na hilo Vestina hamwambii mtu akiwa mzima wa akili. Mto ulihitaji kufuliwa, na alijua mama yule hataukubalia mkono wa mgeni. Kwa hiyo Ma Kokuberwa aliporudi, Vestina alikuwa amesimama mbele ya kiti, kichwa ameinamisha.

"Ma Kokuberwa. Anasema mto ufuliwe kwa maji ya moto, uanikwe juani."

Ma Kokuberwa alifuta mikono kwenye kanga.

"Nani anasema?"

Vestina akaonyesha kiti kwa kidevu.

Ma Kokuberwa macho yakamjaa maji, akauchukua mto ule kama anavyochukuliwa mtoto aliyelala, akatoka nao nje. Huku nyuma Vestina akanyunyiza unga kwenye mbao, kwenye mianya, chini ya kiti.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na punje. Wala keshokutwa yake. Wiki ya kwanza Ma Kokuberwa alidhani Mzee amechoka. Wiki ya pili aliongeza kahawa kwenye kikapu. Wiki ya tatu Clotilda alikuja kumjulia hali, akamkuta amekaa sakafuni mbele ya kiti, jiko halijawashwa tangu jana. Na Clotilda, kwa nia njema, maana nia mbaya huwa na aibu kidogo, akamwambia asihofu, ni minyoo tu ilikuwa, Vestina alimsimulia mwenyewe namna alivyomlisha paka senene kama mtoto anayekataa dawa. Siku ya kusimuliana, yeye na Vestina walicheka sana.

Ndiyo salamu zikatumwa Miembeni: Vestina aje. Naye akaja na mvua yake, na ndivyo alivyokuta mlango una mtu.

Sasa baada ya ule utani wake uliokosa mahali, Vestina aliweka kikapu chini, kwenye matope.

"Ma Kokuberwa, nisikilize. Zile hazikuwa za Mzee. Ni vipande vya mnyoo mrefu unaoitwa tegu, unakaa kwenye utumbo wa paka, unakatika katika vipande, vinatoka nyuma akiwa amelala. Paka alikuwa analala kwenye kiti. Nilikuficha, hapo nimekosa. Ulikuwa unakula kahawa imeguswa na vitu hivyo, nikaogopa."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Nimezaa watoto saba, Vestina. Nimefua nepi zao, nimewatoa minyoo kwa mkono huu. Unafikiri ni mimi ndiye nisiyejua mnyoo?"

Vestina alipangusa maji usoni.

"Nilijua siku ya kwanza. Nilikuwa nazipangusa kabla sijala, si mwehu. Lakini wewe mtu wa paka, hebu nieleze mimi mtu wa ndizi. Kajangu ana miaka saba hapa. Hajawahi kulala kwenye kiti kitupu, hata siku moja. Uweke blanketi, uweke samaki. Alikuwa analala kwenye mapaja ya Gozbert tu. Gozbert akisimama, anashuka. Tumemzika mwezi wa nne, paka akakaa mwezi mzima jikoni. Mwezi wa tano akarudi kwenye kiti, akajikunja pale pale penye mapaja. Mimi simwoni Gozbert. Macho yangu hayafiki huko. Kilichokuwa kinaniambia kwamba usiku ule kulikuwa na mapaja ni hizo punje. Ziwe zimetoka wapi, mimi inanihusu nini?"

Mvua iliongezeka kidogo juu ya migomba, ile sauti ya mtu anayepitisha kiganja juu ya kitambaa.

"Njoo uguse," Ma Kokuberwa alisema, akaondoa mkono kwenye fremu.

Vestina aliingia. Hakutaka, lakini aliingia. Mto ulikuwa safi, umenyooka, haujabonyea. Akaweka kiganja. Ulikuwa baridi kama jiwe la kusagia asubuhi, baridi iliyopanda mpaka kwenye kiwiko, akautoa mkono akaufuta kwenye gauni bila kukusudia.

"Mwezi wa nane uligusa, nilikuona," mama alisema. "Ulikuwaje?"

"Ulikuwa na joto."

"La nani?"

Vestina alikuwa na jibu la sehemu moja. Kwamba paka hakikaribii kiti kwa sababu ya ule unga, paka wengi hawapendi harufu yake, mwezi mmoja itaisha. Jibu zuri, la dukani kabisa. Alilishika mdomoni kama alivyoshika zile kahawa mkononi, na halikutoka, kwa sababu halikuwa jibu la swali hilo.

"Tangu umpe kidonge, Kajangu haingii sebuleni," Ma Kokuberwa aliendelea. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Anakaa hapo kizingitini, anatazama migomba. Kutwa. Mwangalie."

Paka alikuwa pale, karibu na miguu yao. Hakuna aliyemwona akija. Amenenepa, lazima isemwe, manyoya yanang'aa, macho hayana utando tena. Paka mzuri, kazi nzuri. Alikuwa anatazama kwenye kijani kile, kichwa kinasogea polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyofuata kwa macho mtu anayetembea.

"Ulimsemea Gozbert mara ile," Ma Kokuberwa alisema. "Ulisema anataka mto ufuliwe. Nimefua. Nimeanika. Sasa muulize anataka nini ili aingie ndani, maana ni mzee, ana kifua, na nje kunanyesha."

Vestina alifungua mdomo. Angeweza kusema nilidanganya. Ni neno moja. Alimtazama yule mama, kanga iliyolegea sasa, uso ulioinuliwa kama wa mtu aliye kwenye foleni ya dawa, akaona kwamba neno hilo likitoka litambakisha na kiti na ukuta. Na akaona pia, na hapo ndipo nywele zilipomsimama, kwamba hana tena uhakika kama neno lenyewe ni la kweli.

Kajangu akasimama. Akajinyoosha, akashuka kizingiti, akaingia mvuani. Paka, mvuani, bila haraka. Akapita kwenye matope akiinua miguu juu, akafika kwenye kaburi, akapanda juu ya saruji iliyolowa. Akazunguka mara moja, mara mbili, akakanyagakanyaga kwa miguu ya mbele kama wanavyofanya wakitafuta mahali laini, akajikunja, akafumba macho. Kutoka mlangoni waliweza kuona ubavu wake unavyopanda na kushuka. Alikuwa amelala kwa raha.

"Vestina," Ma Kokuberwa alisema. "Amekaa kwa nani pale?"

Vestina alitoka, akaokota kikapu chake matopeni, akafunga mfuniko. Njia ni moja tu. Aliishika, kanga kichwani, macho kwenye vidole vya miguu yake, na alipofika usawa wa kaburi akapita upande wa pili wa njia, kwenye majani marefu yaliyolowa, kama unavyompisha mzee aliyenyoosha miguu.

"Vestina, nimekuuliza."

Akaendelea kutembea mpaka migomba ikamfunika.